Wiki Moja Wuppertal: Kutoka Daftari la Mama Mchungaji

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Jumatatu ni siku ya barua. Hatukuipanga, ilijipanga yenyewe: vijana wetu wengi wanafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, wikiendi wanashika zamu, Jumatatu ndiyo wanapumua. Wanapanda ngazi mpaka kwetu ghorofa ya tatu wakiwa na bahasha ambazo hawajazifungua. Ujerumani, pamoja na viwanda vyake vyote, bado inaendeshwa kwa barua za posta, na kijana aliyekulia kwenye WhatsApp anaiona barua ya serikali kama nyoka mlangoni.

Kwa msiotujua: Mzee wangu ni mchungaji mstaafu kutoka Mlalo, milima ya Usambara. Mimi ni muuguzi mstaafu, sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Bumbuli. Tumetumwa hapa kupitia UEM, jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ambayo makao yake makuu yako Barmen, upande huu huu wa mji tunakokaa. Mizizi yake ni misheni ya Rhein ya mwaka 1828 na misheni ya Bethel, ile iliyoleta wamisionari Mlalo mwaka 1891. Tangu 1996 makanisa wanachama wanaamua mambo kwa pamoja na watumishi wanatumwa pande zote. Basi babu yake Mzee alibatizwa na Mjerumani, na leo Mzee yuko Ujerumani akifokewa na dereva wa basi kwa kusimama mlangoni.

Kazi yetu ni vijana. Si watoto wa kipaimara. Ni watu wazima wa miaka ishirini hadi thelathini na kitu, waliokuja kusoma, kujitolea, au kujifunza kazi. Kuna Watanzania, Wakenya, Wakongo, na binti mmoja wa Kamerun ambaye Kiswahili chake chote ni "karibu" na "bado", na kwa hayo mawili anaishi nasi vizuri tu.

Leo aliyetangulia ni kijana wa Bukavu anayejifunza ufundi umeme. Alimwaga mfuko mzima wa barua mezani. "Mama, niko naogopa kuzifungua," akasema, akaenda kusimama dirishani kabisa, mgongo ametupa sisi. Mzee akavaa miwani, akachukua kisu cha mkate, akaanza kuzipasua moja moja. Ana mafungu matatu: za kulipa, za kujibu, za kutupa. Ya kutupa ndiyo lilikuwa kubwa kuliko yote, na nilimwona kijana mabega yanashuka.

Za kulipa zilikuwa za ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Lakini ada hiyo inalipwa mara moja kwa nyumba, si kwa kila kichwa, na mwenzake wanayekaa pamoja alikuwa akilipa siku zote. Ilitosha kuandika namba ya malipo ya mwenzake na kuirudisha fomu. Miezi yote hiyo alikuwa akikosa usingizi kwa deni ambalo halikuwa lake.

Ya manjano ndiyo ilitutoa jasho. Bahasha ya manjano hapa ni ya kisheria. Tarishi, yaani mpeleka barua, anaandika juu yake tarehe aliyoifikisha, na siku zinaanza kuhesabiwa hapo. Chanzo kilikuwa simu kuzima chaji. Tiketi yake ya mwezi, ile iliyokuwa euro 49 mwaka huu wa 2024, inayokupeleka nchi nzima kwa treni za kawaida na mabasi, imo ndani ya simu. Mkaguzi akaja, simu imekufa, akaandikiwa faini ya euro 60. Angeipeleka tiketi yake ofisini ndani ya wiki moja angelipa euro 7 tu yakaisha. Hakwenda, barua hakufungua, na sasa deni lilikuwa limefika mahakamani. Muda wa kupinga ni wiki mbili tangu tarehe ya kwenye bahasha, na zilikuwa zimebaki siku nne. Mzee akamkalisha chini wakaijaza ile fomu pamoja, kisha akamsindikiza mpaka kwenye sanduku la posta. Hakumhubiria neno. Mimi ningemhubiria.

Jioni akaja kijana wa Nakuru. Huyu ni muuguzi kamili, amemaliza mafunzo, ana mshahara wa kueleweka. Hana habari za shikamoo, "Mum, sasa?" ndiyo salamu yake, nami nilishazoea. Alikuja na karatasi ya mshahara. "Mum, hii ni nini? Kanisa linanikata!"

Nikamweleza. Siku alipokwenda kujiandikisha mjini alikuta swali la dini, na yeye, Mpresbiteri mwaminifu, akajibu kwamba ni mkristo wa Kiinjili. Basi. Serikali inakukata kodi ya mapato, na juu yake inalikusanyia kanisa asilimia 9 ya kodi hiyo. Ukitaka kuacha huendi kwa mchungaji, unakwenda mahakamani, unasaini kwamba umetoka kanisani na unalipa euro 30. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani kuacha kanisa pia kuna ada?" Kisha akanyamaza, akaniuliza kama Mungu anaihesabu hiyo kuwa ni sadaka. Nikamwambia amuulize Mzee Jumamosi, mimi nilikuwa na maharage jikoni.

Jumanne, 19 Novemba

Tumempokea binti mpya kutoka Moshi, amekuja kujitolea mwaka mzima kwenye shule ya chekechea. Ameshuka na raba za kitambaa, mwezi wa Novemba! Nikamchukua kwenda Elberfeld, upande mwingine wa mji, kumtafutia buti za mtumba.

Wuppertal ni mji wa bondeni, umebanwa na vilima pande zote, na ngazi zake za mawe zinanikumbusha mapaja yangu yalivyokuwa Lushoto. Kwa kuwa bondeni hakukuwa na nafasi ya reli, waliitundika juu ya mto. Treni inaning'inia, magurudumu yako juu ya paa, na chini ya miguu yako ni maji ya mto Wupper. Imekuwa ikifanya kazi tangu 1901, urefu wa kilomita 13 na ushee. Binti wa Moshi aliingia, akaangalia chini mara moja, akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika.

Nikamsimulia habari za Tuffi ili acheke. Mwaka 1950 sarakasi moja ilimpandisha tembo mtoto kwenye treni hii kwa ajili ya matangazo. Tembo akapata wazimu humo ndani, akavunja ukuta wa behewa, akatumbukia mtoni. Akatoka na michubuko tu. Binti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama Mchungaji, kwa hiyo huu ukuta unavunjika?" Safari nyingine nitasimulia habari za aspirini, iliyotengenezwa humu humu Elberfeld mwaka 1897. Hiyo haina hatari.

Buti tulipata, za ngozi, euro 12. Kabla ya saa kumi na moja jua lilikuwa limeshazama.

Jumatano, 20 Novemba

Leo ni Siku ya Toba na Sala, sikukuu ya zamani ya Waprotestanti wa hapa. Mpaka 1994 watu hawakwenda kazini. Mwaka 1995 serikali ilianzisha bima ya kuwatunza wazee na wasiojiweza, waajiri wakalalamikia gharama, na ili kuwapoza ikafutwa siku hii moja ya mapumziko nchi nzima isipokuwa jimbo la Saksonia. Kwa maneno mengine, siku ya toba iliuzwa ili wazee wapate wa kuwaogesha. Na wanaowaogesha leo, wengi wao ni watoto wetu. Mwezi wa Septemba Kenya na Ujerumani zimetiliana saini mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, kwa hiyo wengine wako njiani. Sina ubishi na mkataba. Ila sijasikia mkataba unaosema nani atampokea kijana simu saa tisa usiku.

Maana simu ililia saa tisa usiku. Ni binti yetu wa Tukuyu, yuko mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi, zamu ya usiku anashika pamoja na muuguzi mkubwa. Bibi mmoja aliyemzoea sana amefariki mikononi mwake. Si kwamba hajawahi kuona maiti. Kilichomtia hofu ni kwamba yule muuguzi aliingia, akamfumba marehemu macho, kisha akaenda kufungua dirisha wazi na baridi yote ile. Binti akadhani mwenzake amechanganyikiwa, akaenda akalifunga. Mwenzake akalifungua tena bila kusema kitu. Akalifunga tena.

Nikamweleza kwamba ni desturi yao, wanaipa roho njia. Kimya. Halafu akasema kitu ambacho nilikuwa nikikisubiri tangu Agosti: "Mama, baba yangu nani alimfungulia?"

Baba yake alifariki Tukuyu mwezi wa Agosti. Wakati huo alikuwa bado ndani ya miezi sita ya majaribio, anaogopa hata kuumwa. Aliomba ruhusa, akaambiwa anastahili siku mbili za msiba wa mzazi. Siku mbili! Kutoka hapa mpaka Dar, Dar mpaka Mbeya, Mbeya mpaka Tukuyu, siku mbili zinaishia njiani. Mazishi aliyaona kwenye simu ya binamu yake, mtandao ukikatika kila jeneza likisogea. Kesho yake akaenda kazini. Tangu siku hiyo hakuwahi kulitaja, na mimi kama muuguzi najua kidonda kinachofunga juu haraka.

Nilikaa naye kwenye simu mpaka walipokuja wa zamu ya asubuhi. Kisha nikamwamsha Mzee. "Huyu mtoto hajakaa msibani," nikamwambia. Mzee akajibu, akiwa bado amefumba macho, "Basi tumwekee msiba."

Alhamisi, 21 Novemba

Magodoro, mablanketi, kupiga simu. Mzee ana mgongo, kwa hiyo aliyepanda na kushuka ngazi ni mimi. Nimebandika karatasi kwenye mlango wa kuingilia jengo, kama wanavyofanya hapa mtu akiwa na shughuli: kwamba kesho jioni tutakuwa na wageni kwa ajili ya kumwomboleza mzazi wa binti yetu, tutaimba, saa nne usiku tutanyamaza. Kijerumani alinisahihishia wa Kamerun.

Ijumaa, 22 Novemba

Sebule tuliihamisha yote. Meza ikaenda chumbani, viti vikaenda kwenye kibaraza, magodoro chini ukuta hadi ukuta. Binti nikamfunga kitenge kiunoni, nikamkalisha kwenye godoro la kona, nikakaa pembeni yake. Hakuuliza kitu. Mwili wake ulijua.

Walikuja kwa mafungu kufuatana na zamu. Wa zamu ya asubuhi saa kumi, wa mchana walifika saa tatu usiku kasoro wakiwa wamechoka hata kuzungumza. Kila aliyeingia alivua viatu, akapita kumpa mkono mfiwa, akasema pole yake. Nilishangaa jinsi hakuna aliyehitaji kufundishwa. Kijana wa Nakuru, huyo huyo asiyejua shikamoo, ndiye aliyechukua daftari akakaa mlangoni kuandika rambirambi: nani, kiasi gani. Wa Bukavu alitoa euro 10, na najua hali yake. Binti wa Moshi, mgeni wa siku nne, alikwenda moja kwa moja jikoni akaanza kuosha sufuria. Wa Kamerun alikuja na ndizi za kukaanga, akasema "karibu", tukamwelewa.

Mzee hakuhubiri. Alimwomba binti atueleze baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Mwanzo ulikuwa mgumu. Kisha yakaja: alikuwa akilima viazi na chai kidogo, hakupenda redio yake iguswe, alikuwa na tabia ya kuwapa majina kuku na kisha kukataa wachinjwe. Mwaka aliofeli mtihani wa kwanza wa Kijerumani, kiwango cha B1, baba yake aliuza ng'ombe na kumwambia asimwambie mama. "Mama anajua?" Mzee akauliza. "Mpaka leo anajua aliibwa." Watu waliangua kicheko msibani, na katikati ya kicheko hicho ndipo alipolia. Alilia kama wanavyolia nyumbani, kwa sauti, kwa kumwita. Nilimshika tu.

Tukaimba. Saa nne kamili Mzee akainua mkono, sauti ikashuka, tukaendelea kwa kuguna midomo ikiwa imefumbwa. Waliokuwa na zamu ya alfajiri wakaondoka, wengine kumi hivi wakalala pale pale chini, miguu ya huyu kichwani mwa yule.

Nilishuka usiku kutupa taka nikakuta chini ya karatasi yangu pale mlangoni mtu ameandika pole kwa kalamu ya wino, na chini yake mwandiko mwingine, na mwingine. Hakuna aliyeweka jina.

Jumamosi, 23 Novemba

Wakati huu wa mwaka maduka yanauza majani wanayoyaita Grünkohl kwa mifuko mikubwa. Nyie, ni sukuma wiki! Wajerumani wanasema inakolea utamu ikipigwa na baridi kali, halafu wanaichukua na kuichemsha na soseji mpaka inakuwa rojo. Nimewaonyesha vijana namna ya kuichagua changa na kuikata nyembamba. Unga mweupe wa mahindi tunaupata kwenye duka la Waasia. Waliolala msibani walikula kama watu waliotoka shambani.

Mchana Mzee aliwapeleka kanisa la Gemarke, ambako mwishoni mwa Mei 1934 wawakilishi wa makanisa ya Kiprotestanti walikutana na kutoa tamko la kukataa serikali ya Hitler kulitawala kanisa. Mzee analipenda jambo hili, linamchukua muda. Alipomaliza, wa Nakuru akainua mkono. "Mzee, kanisa lililokataa kuingiliwa na serikali, leo hii serikali ndiyo inalikusanyia pesa kwenye payslip yangu. Hapo imekaaje?"

Mzee alimtazama kwa muda. Akamwambia kwamba hilo swali Wajerumani wenyewe wanaulizana, na kwamba pesa hiyo ndiyo inayopasha moto ukumbi tunaokutania. "Lakini usiliache," akasema. "Lilete kwenye kikao cha baraza la usharika, nitakuingiza." Nilimwona kijana anajutia mdomo wake.

Jioni mchungaji wa usharika, mama wa Kijerumani, akaja kwetu. Kesho ni Jumapili ya kukumbuka waliofariki, siku iliyowekwa na mfalme wa Prussia mwaka 1816, ambapo kila usharika unasoma majina ya watu wake waliozikwa mwaka huo. Tulikuwa tumemwomba asome na ya wazazi na ndugu wa vijana wetu waliofariki mbali. Alikubali kwa sharti moja: afundishwe kuyatamka. Majina ya Kinyakyusa yanaanza na Mwa-, na ulimi wa Kijerumani hapo unakwama, unataka kuweka irabu katikati. Binti wa Tukuyu alimkalisha mezani akamrudisha na kumrudisha, mkali kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Bado," alisema. Kisha tena, "Bado." Wa Kamerun akashangilia kwa kusikia neno lake.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisa lilijaa kuliko kawaida, wengi ni wafiwa wa mwaka huu na nguo zao nyeusi. Kila jina likisomwa mtu wa familia anakwenda mbele kuwasha mshumaa. Jina la yule bibi wa Jumatano bado halikuwamo, hajazikwa. La baba wa Tukuyu lilisomwa kati ya majina mawili ya Kijerumani, likatamkwa sawasawa kabisa, Mwa- yake imetulia. Binti alikwenda na mshumaa wake akarudi ameinua uso. Bukavu walikuwa na majina manne. Hilo nalo liliwagusa watu. Mzee mmoja wa Kijerumani alimfuata kijana wetu baada ya ibada akamuuliza kuna nini kule kwao Kivu, na akakaa kusikiliza jibu, ambalo si fupi.

Rambirambi zimefika euro 385. Mzee amezikabidhi mbele ya watu wote na daftari likasomwa, kama inavyopasa. Majaribio ya binti yalikwisha Septemba, sasa ana haki ya kuomba likizo ya kawaida bila hofu, na tumekubaliana aende Februari. Hizo pesa hazitoshi tiketi, lakini zimeianza.

Baada ya chakula alimpigia mama yake kwa video, na mama akataka kuongea nami. Ni mara ya kwanza tunaonana. Nilijiandaa kwa machozi. Yule mama alinisalimu, akanishukuru kwa kumwekea mwanawe msiba, akauliza kama anakula, kama analala, na kama kuna kijana anayemzungukazunguka. Nikajibu mawili ya kwanza. Kisha akaniambia nichukue kalamu: Februari binti alete soksi za sufu jozi sita, miwani ya kusomea ya shangazi, na dawa ya mgongo ile ya kupaka, vitenge asilete, Tukuyu vipo. Kuhusu ng'ombe, akasema, mwambie asihangaike kunificha, baba yake aliniambia siku ile ile. Nikamkumbusha kwamba begi ni kilo 23. Akasema atume mawili.